Mdogo wangu anapigwa na mkewe, na mtu wa kwanza kumcheka nilikuwa mimi

#1 – mleta uzi

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeuandika siku tatu, nafuta naandika tena, maana haya mambo ukishayatoa hayarudi.

Nina mdogo wangu wa kiume tumefuatana ziwa moja. Ana kibanda cha wakala wa pesa za simu huku Mbagala, ana mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo ana miaka mitatu. Ni mtu mpole toka utotoni, yule ambaye mkicheza mpira uwanjani mkagombana yeye ndo anaokota mpira na kwenda kukaa pembeni. Mwili anao, kazi anafanya, pombe hanywi. Nasema hivi mapema maana najua swali la kwanza litakua "kwani yeye alimfanya nini huyo mwanamke".

Mwaka jana Januari, lile joto la Dar mnalijua, nikapita kibandani kwake mchana nikamkuta kavaa shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kwenye kiganja. Jasho linamtiririka mpaka kwenye daftari la miamala. Nikamtania we vipi unaenda kuoa tena? Hakucheka. Akaangalia kama kuna mteja, akafungua kifungo, akakunja shati taratibu. Kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko ngozi ilikua imebanduka, katikati pekundu pamelowa, pembeni pameanza kukauka na kuweka magamba, na vinyweleo vyote vimeisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "kaka, shemeji yako alinimwagia maji ya ugali."

Mimi nikacheka.

Sijui niwaeleze vipi, kicheko kilinitoka tu kabla sijafikiria. Halafu nikaongeza na maneno, "sasa we mwanaume mzima unamwagiwaje maji na mwanamke, ulikua unaangalia nini?" Akashusha shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akaanza kuniuliza habari za Simba na Yanga. Kuanzia siku ile hakunigusia tena hilo jambo kwa miezi minane. Miezi minane wakuu, na mimi nilikua napita pale kila wiki.

Mwezi wa tisa nikapigiwa simu saa saba usiku na mpangaji mwenzao. Nikachukua bajaji nikamkuta kakaa kwenye baraza la fundi cherehani ng'ambo ya barabara, mguu mmoja una kandambili mwingine hauna, kichwa kimepasuka juu ya sikio. Kapigwa na mchi wa kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Kisa ni hela ya mchezo, yaani kikoba cha shemeji, siku ilifika na yeye kibandani float, ile hela ya kuzungushia miamala, ilikua imekata. Nikamfunga taulo tukaenda kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, maana mnajua jeraha la kupigwa ukienda nalo hospitali bila PF3 unaanza kuzungushwa.

Kaunta askari akachukua kalamu akauliza nani kakupiga. Mdogo wangu akajibu "mke wangu". Yule askari akaweka kalamu chini, akageuka nyuma akaita wenzake, "njooni muone, huyu kapigwa na mkewe". Wakaja wawili. Mmoja akauliza mkeo ana kilo ngapi. Mwingine akauliza au ulifumaniwa. Kuna mahabusu alikua nyuma ya nondo naye akaangua kicheko. Mdogo wangu kasimama pale kashika taulo kichwani damu inashuka shingoni, anatabasamu. Ndio, alikua anatabasamu, na lile tabasamu mpaka leo nikilala naliona, kwasababu ndo lile lile alilonipa mimi kibandani nilipomcheka.

PF3 tukapewa. Njiani kwenye bajaji akaniambia kitu kimoja tu, "bora ningesema vibaka". Na tulipofika hospitali daktari alipomuuliza imekuaje akasema vibaka. Mimi nipo pembeni nimesikia na nikanyamaza. Kwahiyo karatasi ya polisi inasema mke na cheti cha daktari kinasema vibaka, mtaona baadae hii imetugharimu vipi.

Mtauliza kwanini asijitetee. Nilimuuliza. Anasema akinyanyua mkono tu hata wa kuzuia, shemeji anafungua mlango anapiga yowe "ananiua jamani". Ni nyumba ya kupanga vyumba sita, choo kimoja, yowe likipigwa kila mtu yupo uani. Mara ya kwanza wapangaji walimvamia yeye, wakamtandika, kesho yake mama mwenye nyumba akamuita akampa onyo la mwisho. Toka hapo akajifunza kukaa kimya na kuziba kichwa kwa mikono.

Swali langu kwenu wakuu sio moja. Tunachekaga nini haswa? Na kisheria mtu kama huyu anaanzia wapi?

#2

Mwanaume wa Dar huyo. Kwetu Mara mwanamke akinyanyua mchi anajua kesho anarudi kwao na masufuria yake. Mwambie ampe kibao kimoja kitakatifu adabu irudi, tusipotezeane muda.

#3

Mkuu huyo kalishwa limbwata, hizo ni dalili zote, mtu anapigwa halafu harudi kwao wala haondoki. Mtafutieni mtaalamu atapishwe kwanza mengine baadae.

#4 – mleta uzi

Mkuu #2 nimekusoma bila hasira, maana mwaka jana hilo jibu lako lingekua langu. Ila tulifuate hatua kwa hatua. Anampa kibao, shemeji anapiga yowe, uani pamejaa, saa moja baadae nani yupo mahabusu? Yeye. Na akimuumiza kweli anafungwa kihalali kabisa, kibanda kinafungwa, watoto wanabaki na nani? Na tuseme hafungwi, tuseme kibao kimefanya kazi. Basi watoto sasa wanaona pande zote mbili zinapigana, yule wa darasa la pili ndo anajifunza hivyo. Mdogo wangu kutokupiga ndo kitu pekee kilichobaki kizima ndani ya ile nyumba na wewe unataka akivunje.

Na hilo la limbwata #3 shangazi zangu walilisema pia. Tukaitisha kikao cha familia kwa baba mkubwa, watu kumi na moja, soda zimenunuliwa. Baba mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema "mwanaume hashtaki mke, mke ndo hushtaki". Mjomba akasema atakua ana mwanamke wa nje. Shangazi ndo akaleta la limbwata. Mama yetu akasema mwanangu nyumba ni kusitiriana, vumilia. Hakuna hata mmoja kati ya watu kumi na moja aliyemwambia aoneshe mkono. Kovu lipo pale chini ya shati, hatua mbili kutoka kwenye kochi, hakuna aliyetaka kuliona. Ingekua dada yetu ndo kamwagiwa maji ya moto, baba mkubwa angekua ameshavaa viatu.

Kwanini haondoki? Kwasababu ya yule wa miaka mitatu. Anasema akiondoka atamwagiwa yeye.

#5

Mimi sio wakili ila nina miaka kadhaa kwenye msaada wa kisheria, na haya makosa ya makaratasi nayaona kila wiki kwahiyo niandike kwa kirefu kidogo.

Kwanza watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 66 inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumuadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ya kwao iseme nini. Imesema mwenzi. Haikusema mke. Miaka zaidi ya hamsini hiyo sheria ipo na kikao cha baba mkubwa hakina habari. Kanuni ya Adhabu nayo haina jinsia kwenye hili, shambulio la kudhuru mwili ni kifungu cha 241, mpaka miaka 5, na madhara makubwa ni 225, mpaka miaka 7. Maji ya moto na mchi wa kichwani sio "mambo ya ndani", ni jinai.

Kwenye talaka, ukatili ni moja ya vitu mahakama inaviangalia kuona kama ndoa imevunjika kweli, kifungu 107, na ukatili huo ni wa mwili au wa akili, wa mke au wa mume. Ila kabla ya kwenda mahakamani kifungu 101 kinataka mpite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, wengi wanaanzia baraza la kata, au kwa waislamu BAKWATA, au kanisani. Likishindwa kuwapatanisha linakupa cheti, ndo unafungua shauri.

La watoto sikufichi, ni gumu. Kifungu 125 kinaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa, sio ukuta. Ukionesha mahakama kwamba usalama wa mtoto uko hatarini inasikiliza. Inasikiliza ushahidi lakini, na hapo ndo lile neno "vibaka" linauma. Wakili wa upande wa pili atachukua ile PF3 na cheti cha daktari aviweke pamoja mezani, basi. Arudi kwa daktari yule yule mapema akaeleze ukweli na kwanini alidanganya. Apige picha kovu la mkono leo, sio likishapona. Yule mpangaji aliyepiga simu saa saba usiku ni shahidi, mwende mkaongee nae vizuri kabla hajahama.

Na asiende kaunta tena. Aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo kikubwa, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Dawati ni la jinsia, na mwanaume ni jinsia. Najua kuna tatizo kwenye majina yetu yenyewe, mpango wa taifa wa mwaka 2017/18 mpaka 2021/22 uliitwa MTAKUWWA, kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, mwanaume akisoma bango lile ukutani anajiona hayumo. Lakini aingie tu. Askari wa dawati wamefundishwa kumhoji mtu chumbani mlango umefungwa, sio mbele ya mahabusu.

#6

Salamu kutoka Nairobi. Hii stori ningeisoma bila kuona ni Mbagala ningesema ni Githurai. Huku kwetu wanaume kama huyo wanaambiwa wamekaliwa chapati, yaani wanatawaliwa na bibi, na ukishaitwa hivyo kwa plot hakuna mtu atakusikiza tena.

Mnakumbuka 2012 kuna jamaa wa Nyeri alikatwa uso na panga na bibi yake, picha yake ya hospitali ikawa kwa kila gazeti, uso wote ni nyuzi? Mimi nilikua form three. Tuliichorea utani kwa daftari. Kenya nzima ilikua inacheka wanawake wa Nyeri, na utani wenyewe haujaisha hadi leo, ukisema umeoa huko watu wanakuuliza kama umenunua helmeti. Mwaka huo huo chama cha Maendeleo ya Wanaume, chini ya Nderitu Njoka, kiliambia wanaume wagome kula chakula cha nyumbani. Hiyo nayo ikachekwa. Nani alikua anaongea na huyo jamaa wa Nyeri juu ya kulala usiku akiwa na huo uso? Hatukuuliza.

Lakini pia niseme kitu ilibadilika. 2015 tulipata sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, hiyo haijali wewe ni bwana ama bibi, unaenda kortini unaomba amri ya ulinzi na korti inaweza amuru mwenye kukuumiza asikukaribie. Na ile utafiti kubwa ya afya ya 2022, huku waliuliza wanaume pia. Kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 kwa kila 100 walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe 15, na wanaume 27. Msikimbie na hiyo namba ya wanaume, hapo ndani kuna kupigwa na kila mtu, si bibi peke yake. Point yangu ni kwamba waliulizwa. Mtu akiulizwa na karatasi yenye haicheki anasema.

Kama kuna mtu anasoma hii akiwa Kenya, 1195 ni laini ya bure ya dhuluma za kijinsia na wanaume hupiga pia.

#7

Mimi ni mwanamke na ntasema kinachonikereketa ingawa najua ntashambuliwa. Pole sana kwa mdogo wako, na huyo mkewe ashtakiwe, sina shida hapo. Shida yangu ni kwamba kila tukianza kuongelea wanawake wanaopigwa kuna mtu anaruka na "hata wanaume wanapigwa", na ana maana tunyamaze. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015/16 ulionesha wanawake 40 kwa 100 wamewahi kupigwa. Dada yangu aling'olewa meno mawili na mumewe na kikao cha familia kikasema arudi akampikie. Kwahiyo sio kweli kwamba mwanamke akipigwa baba mkubwa anavaa viatu. Wengi hawavai.

#8 – mleta uzi

Dada yangu #7 asante, na ile sentensi ya viatu naifuta, umenisahihisha. Nimekaa nikafikiria, ni kweli, baba mkubwa yule yule miaka ya nyuma alimrudisha binamu yetu kwa mume akiwa na jicho limevimba. Sikuliona kama ni jambo kubwa kipindi kile.

Na hiyo asilimia 40 siibishii, wala sijaja kuiweka kwenye mzani na mdogo wangu. Ila nilivyosoma maneno yako nikaona kitu. Kikao kilichomwambia dada yako akapike na kikao kilichomwambia mdogo wangu mwanaume hashtaki ni kikao kimoja. Kanuni ni ile ile, kwamba mume ndo mwenye mkono na mke ndo mwenye kupigwa, kwahiyo mke akipigwa ni kawaida na mume akipigwa ni kichekesho. Mtu aliyeamini moja ataamini na lingine. Kwahiyo mimi na wewe hatuko pande mbili, tunagombana na wazee wale wale.

Nyongeza kwa #6, hapa kwetu ule utafiti sehemu ya ukatili wa majumbani ilikua inawahoji wanawake peke yao. Mdogo wangu angekua nyumbani siku wamepita wangemuomba atoke nje.

#9

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi nilikua nampiga mume wangu.

Sio mchi wala maji ya moto. Makofi, kumrushia vitu, kumng'ata siku moja. Alikua hanirudishii. Nilikua nikiwasimulia mashoga zangu saluni wanagonga mikono wanasema safi, mwanaume lazima umuoneshe. Hata kwenye kitchen party ya mdogo wangu kuna mama alinisifia kipaza sauti kikiwa mkononi, "huyu nyumba yake anaiendesha mwenyewe", ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Hakuna mtu hata mmoja, nasisitiza, hata mmoja aliyewahi kuniambia unachofanya ni kibaya. Nilidhani mimi ni mwanamke jasiri.

Nimegundua siku mwanangu wa miaka mitano alipomzaba kofi baba yake kwasababu kamzimia katuni, na baba yake akafumba macho. Alifumba vile vile anavyofumbaga kwangu, kabla kofi halijafika. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo.

Tuko pamoja bado. Niliongea na mama mchungaji, nae alicheka kwanza, nikamwambia mama sitanii, ndo akakaa. Mwambie mdogo wako kwamba mkewe anajua anachofanya. Mimi nilikua najua. Siku tukitarajia wageni nilikua nampiga pasipoonekana.

#10

Muuguzi hapa, nimekaa mapokezi ya dharura miaka mingi. Tukiona mwanamke kaja na jicho jeusi anasema kagonga mlango, tumefundishwa kumtoa mumewe nje na kumuuliza tena akiwa peke yake. Mwanaume akija na alama za kucha shingoni akisema bodaboda, tunaandika bodaboda. Basi. Nimesoma huu uzi nikakumbuka kama wanne hivi, mmoja kaungua mgongo kwa pasi, mgongo jamani, alama ya pasi imekaa kama muhuri na ncha yake inaonekana, akasema kailalia bahati mbaya. Nikaandika hivyo. Mkewe alikua kakaa pale pale pembeni ameshika faili.

Toka juzi naanza kuwatoa nje wote, wake kwa waume. Na swali nimelibadilisha, siulizi nani kakupiga, mwanaume hilo hajibu. Nauliza "nyumbani unapaona ni salama?" Jana mzee mmoja alikaa kimya kama dakika mbili halafu akaniomba maji ya kunywa.

#11

Miaka sita. Mtwara. Nimesoma mpaka hapa. Sina la kuongeza, nilitaka tu kusema nipo.

#12 – mleta uzi

#11 mkuu nimekutumia ujumbe kule ndani, ukipata nafasi ufungue. Hata usiku wa manane.

#9 nimemsomea mdogo wangu bandiko lako lote, kwa sauti. Nilipofika kwenye kufumba macho akaniambia rudia. Hakusema kitu.

MREJESHO

Nilichelewa kurudi kwasababu tulikua tunahangaika. Tulifuata ushauri wa #5. Tulianza kwa daktari, bahati nzuri tulimkuta yule yule, mdogo wangu akamwambia mwenyewe kwamba siku ile nilidanganya, sio vibaka. Daktari akamuuliza kwanini ulidanganya, akajibu "kituoni walinicheka". Akaandika na hilo. Lipo kwenye faili sasa kwa mwandiko wa daktari.

Mpangaji mwenzao mwanzoni aliogopa, anasema yeye anaishi pale na hataki ugomvi na shemeji, ila kuhusu ule usiku atasema alichoona. Mama mwenye nyumba amegoma, anashikilia kwamba mwanaume ndo alikua anampiga mke, maana yeye alisikia yowe. Sikumlaumu sana. Yowe kweli alilisikia.

Dawati tulikuta askari wa kike, mtu mzima. Mimi mwenyewe nilikua nimejikaza tumbo nasubiri kicheko. Alifunga mlango, akamwambia akunje shati, akasogeza kiti akauangalia mkono kwa karibu, akauliza ilikua lini, akaandika. Akauliza kichwa nacho, akaangalia, akaandika. Halafu akauliza watoto wako wapi sasa hivi na wewe leo unalala wapi. Mdogo wangu akashindwa kujibu lile la kulala, sio kwamba hana pa kulala, alikua hajawahi kuulizwa. Nikajibu mimi, analala kwangu.

Shemeji ameitwa, alikuja na mama yake, akakana kila kitu, halafu katikati akasema "na yeye mwanaume gani anakuja kushtaki huku". Yule askari akamwambia mama, hayo tumeyaandika pia. Suala la watoto lipo ustawi wa jamii, tumepangiwa tarehe wakaongee na yule mkubwa. Baraza la kata ni mwezi ujao. Sijui litaishaje na sitaki kuwadanganya kwamba mambo yamekaa sawa, wa miaka mitatu bado yuko kule na mdogo wangu anapiga simu kila jioni saa kumi na mbili amsikie tu anaongea.

Kwangu analala sebuleni kwenye godoro. Jana kulikua na joto, umeme umekatika, akavua shati akabaki na singlendi mbele ya wanangu kwa mara ya kwanza. Binti yangu wa miaka sita akamuuliza baba mdogo hapa umefanyaje. Nikataka kuingilia. Akamjibu mwenyewe, "niliungua". Akauliza uliungua na nini, akasema maji. Akauliza nani alikumwagia. Akanyamaza kidogo akaniangalia, mimi nikaangalia chini, halafu akamwambia.

Mtoto hakucheka. Aliugusa mkono kwa kidole akauliza kama bado unauma.

Usiku bado anaamka. Nasikia anatembea mpaka mlangoni anashika komeo kuona kama limefungwa, anarudi kulala, baada ya muda anaamka tena.

Tarehe ya baraza ikipita nitarudi hapa.